Mtoto ametulia, lakini nini kimemtuliza?

Aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anaijua ile karatasi. Mwalimu anaitwa ofisini. Kabla ya kutoka anamgeukia kiranja na kumwambia, "Andika wapiga kelele." Darasa linanyamaza kama limemwagiwa maji. Ukiandikwa mara ya kwanza ni jina tu. Ukirudia, unachorewa mkasi mbele ya jina, na idadi ya mikasi ndiyo idadi ya fimbo mwalimu akirudi. Wajanja walikuwa na ubuyu mfukoni, wa kumlainisha kiranja.

Mgeni akichungulia dirishani dakika ile ataona watoto 80 wametulia tuli, hakuna mkubwa aliyewasimamia, na ataandika kwenye daftari lake kwamba watoto hawa wana uwezo mkubwa wa kujitawala. Arudi siku kiranja anaumwa.

Siku hizi kujitawala, kutambua hisia na kuishi vizuri na wenzako ni mambo yanayotajwa kwenye mitaala, kwenye semina za walimu na kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp. Upande mmoja unasema hizi ni stadi kama hesabu, zina hatua zake, zifundishwe darasani. Upande wa pili unacheka: mababu zetu walilea watoto watulivu bila semina, dawa ni malezi makali yaliyolegezwa na uzungu. Mimi nadhani wote wawili wanaangalia mahali pasipo penyewe, ingawa si kwa kiwango sawa.

Tuanze na upande wa pili, kwa sababu una ushahidi ambao wenyewe mara nyingi hawaujui. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwawekea watoto wa chekechea kitu kitamu mezani na kuwaambia: ukisubiri mpaka nirudi, utapata viwili. Jaribio hilo likawa maarufu duniani kama kipimo cha subira, na ikatangazwa kwamba waliosubiri ndio waliofaulu zaidi baadaye. Miaka mingi baadaye, mtafiti wa Ujerumani Bettina Lamm na wenzake wakalipeleka kwa Wanso, jamii ya wakulima kaskazini magharibi mwa Kamerun. Watoto wa miaka minne wa Kinso waliwekewa kitumbua cha kwao kinachoitwa puff-puff. Wa Kijerumani, wa familia zenye uwezo wa kati, wakawekewa peremende au chokoleti. Muda wa kusubiri ulikuwa dakika 10. Wanso karibu 7 kati ya 10 walisubiri hadi mwisho. Wajerumani hawakufika 3 kati ya 10.

Namna ya kusubiri nayo ilitofautiana. Wajerumani walihangaika, waliimba, walizunguka chumbani, waligeuza uso wasikione kile kitu. Wanso walikaa. Wachache walisinzia palepale, peremende za dunia zisiwahusu.

Mtetezi wa malezi ya zamani atasema: si mmeona? Na ana haki ya kusema. Watafiti wenyewe waliyahusisha matokeo hayo na mama wa Kinso, ambaye tangu mtoto ni mchanga anatarajia azuie kilio na awaheshimu wakubwa. Ila hapa watu wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye fimbo, na kuacha katikati jambo zito zaidi. Mtoto wa kijijini anapewa mdogo wake ambebe mgongoni. Anatumwa dukani. Bibi anatema mate chini na kumwambia, "Urudi kabla hayajakauka." Katika safari hiyo moja mtoto anabeba orodha kichwani, anashika pesa ya watu, anapita penye watoto wanaocheza asisimame, anabeba sukari asiionje, na anarudisha chenji kamili. Hakuna kitabu cha stadi za maisha nilichokiona chenye zoezi linalolingana na hilo. Watoto wa mjini, wanaopelekwa na gari na kurudishwa na gari, wamelipoteza, na sidhani tumelipima pengo lake.

Kwa hiyo hoja ya mila si ya kupuuza. Udhaifu wake unaanza pale inapodai kwamba kilichowatuliza watoto ni woga. Watu wa pwani wanatofautisha haya na aibu. Aibu inakupata watu wakikuona. Haya iko ndani. Inakuzuia hata ukiwa peke yako. Mtoto mwenye haya ndiye aliyesifiwa. Ile karatasi ya wapiga kelele inajenga aibu, tena kwa bei ya mikasi, haya haijengi. Anayesema mababu walitaka woga tu amewavunjia heshima mababu.

Kuna jaribio jingine dogo ambalo naliona lina maana kuliko yote. Mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwachukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya kuwawekea kitamu, waliwaahidi vifaa bora vya kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa walichoahidiwa. Nusu nyingine mkubwa alirudi mikono mitupu na kuomba radhi kwamba vimekwisha. Kisha ndipo likaja jaribio la subira. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri dakika tatu.

Watoto walikuwa wa aina moja, wamegawanywa kwa bahati nasibu. Kilichotofautiana ni mtu mzima. Aliyeshakudanganya mara moja, kwa nini umsubiri mara ya pili? Mtoto anayekula mapema hapo si mlafi, amepiga hesabu. Na ukikumbuka hilo, huwezi kushangaa kwamba mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake, walipolirudia suala la Mischel kwa watoto zaidi ya 900, walikuta uhusiano wa subira ya utotoni na ufaulu wa baadaye ni nusu tu ya ule uliotangazwa mwanzo, na ukishazingatia hali ya familia na mazingira ya nyumbani, theluthi mbili za huo uliobaki zinayeyuka.

Sasa upande wa kwanza, wa somo la darasani. Nao wana takwimu nzito. Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake walikusanya matokeo ya programu 213 za aina hiyo zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 270,000, na wakakuta hata masomo ya kawaida yalipanda: mwanafunzi wa katikati kabisa, anayewapita 50 kati ya 100, angesogea hadi kuwapita 61. Karibu zaidi na sisi ni Shamiri, mpango wa Kenya uliochukua jina lake kwenye neno letu la kustawi. Vijana waliotoka sekondari juzi tu, si madaktari wala walimu, waliongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Walizungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika, shukrani, na mambo ambayo mtu anayathamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi, ulionyesha dalili hizo zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Naamini sehemu ya siri iko kwa yule kijana anayeongoza. Hana fimbo, hatoi alama, hampigii mzazi simu.

Lakini si kila kinachopelekwa darasani kinaota. Uingereza walijaribu kuwafundisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa shule 85 mazoezi ya utulivu wa akili, ya kufuatilia pumzi na mawazo. Matokeo yalipotoka mwaka 2022 hayakuonyesha faida yoyote kuliko mafunzo ya kawaida ya hisia na mahusiano yaliyokuwa yakitolewa shuleni, na kwa wale waliokuwa na matatizo tangu mwanzo kulikuwa na dalili kwamba hali ilizidi kidogo. Wengi hawakuyafanya mazoezi nyumbani. Mtoto anafundishwa kuvuta pumzi Jumanne saa nne. Jumanne saa tano maisha yanaendelea.

Na kwetu saa tano ina fimbo. Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, viandikwe kwenye daftari. Kenya ilivipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Aliyepita karibu na shule za nchi zote mbili anajua umbali uliopo kati ya karatasi na uwanja. Mwalimu anayemfundisha mtoto "tulia, hesabu mpaka kumi" kisha yeye mwenyewe hafiki mbili, amefundisha masomo mawili, na mtoto atashika la pili.

Ndiyo maana mimi naegemea kwenye kazi iliyofanyika Luwero, Uganda. Shirika la Raising Voices lilianza na shule nzima: mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi, mabango ukutani, kamati, namna ya kutoa adhabu bila kupiga, namna ya kusifia. Katika jaribio la shule 42 za msingi lililodumu miezi 18, wanafunzi waliosema walipigwa na walimu au watumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31, na katika shule zisizo na mpango huo karibu 49.

Tusishangilie sana. Asilimia 31 kwa wiki moja bado ni watoto wengi. Na mwalimu naye ana hoja yake, ambayo wenye semina huipitia haraka kuelekea chai: darasa la watoto 80 au 100, mshahara umechelewa, kelele, joto la bati. Kumwondolea fimbo bila kumpunguzia hata mtoto mmoja ni kumtaka awe na subira ambayo hakuna aliyemlea nayo. Marufuku ya Kenya ilikuwa sahihi, lakini haikumpa mwalimu mkono mwingine wa kushika darasa.

Kuhusu vijana wa sekondari naona jambo moja zaidi. Huyu si mtoto wa kitumbua. Akitulizwa kwa woga anajua kuusubiri usiku, na mabweni yetu yana usiku mrefu. Anachohitaji ni mkubwa mmoja anayeweza kumwambia "nimekasirika, tutaongea kesho," halafu kesho kweli waongee.

Nirudi kwenye karatasi. Katika mjadala wote huu tunawaongelea walioandikwa na waliokaa kimya. Mimi nilikuwa kiranja darasa la tano. Mwalimu alikuwa akirudi anaipokea karatasi bila kuniuliza chochote, na hakuna siku hata moja jina la rafiki yangu lilikuwepo. Nilikuwa napenda sana ubuyu.