Konokono wa Paisley na lori la Msamvu: somo la madhara lianzie wapi?

Mwanafunzi wa sheria nchini Tanzania hamalizi mwezi wa kwanza wa somo la madhara, lile la madai ya aliyedhuriwa na mwingine (kwa Kiingereza *tort*), kabla hajafahamiana na May Donoghue. Atakuhadithia kwamba tarehe 26 Agosti 1928 mama huyo aliingia mgahawani Paisley, Scotland, akiwa na rafiki yake. Kwamba rafiki alimnunulia soda ya tangawizi. Kwamba chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi kilichomo. Na kwamba soda iliyobaki ilipomiminwa, akatoka konokono aliyeoza. Kwa kuwa aliyelipa ni rafiki, Donoghue hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, sembuse na kiwanda. Akamdai mtengenezaji, David Stevenson, na mwaka 1932 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, kwa kura tatu dhidi ya mbili, likasema kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana.

Mwulize mwanafunzi huyohuyo swali jingine. Bodaboda amekuangusha Mwenge, Dar es Salaam, mguu umevunjika, na pikipiki si ya aliyekuwa anaiendesha. Utamdai nani? Una muda gani wa kufungua shauri? Utapeleka vithibitisho gani? Hapo ndipo macho huanza kutafuta desa, ule muhtasari wa kukariri.

Pengo hilo ndilo linalowagawa walimu wa somo hili. Wapo wanaosema Paisley imetutosha, tuanze na Kariakoo, Msamvu na Mbagala. Wapo wanaosema anayeruka Paisley anafundisha uraia, hafundishi sheria. Binafsi naegemea upande wa kwanza, ila nimeendesha semina za kutosha kujua kwamba wa upande wa pili hawajashika ukale tu. Nianze nao.

Hoja yao kubwa ni kwamba sheria yetu ya madhara, kwa sehemu kubwa, haimo katika kitabu chochote cha Bunge. Zipo sheria zinazogusa kona zake. Sura ya 310 ya sheria za Tanzania, yenye asili ya mwaka 1955, inahusu madai ya warithi wa aliyekufa ajalini na uzembe wa mdai mwenyewe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008. Sura ya 169 inahusu bima ya magari. Shina lenyewe, yaani nini maana ya uzembe, kero au kashfa, limetoka katika sheria isiyoandikwa ya Uingereza, iliyoingizwa kwetu, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Sura ya 358, sheria inayozielekeza mahakama zetu zitumie sheria zipi. Wakili anayesimama Mahakama Kuu bila kuzijua kesi za Kiingereza ni fundi aliyekwenda kazini bila bisibisi.

Na hapa pana jambo ambalo madesa hayalisemi. Kesi ya konokono iliamuliwa mwaka 1932, miaka 12 baada ya tarehe hiyo. Basi iliingiaje? Wapo wanasheria wanaosema tarehe inazifunga sheria zilizotungwa na Bunge la Uingereza tu, na kanuni za majaji zinaendelea kukua. Wapo wanaosema inafunga vyote, na kwamba majaji wetu waliichukua kesi ile kwa kuridhishwa nayo, si kwa kulazimika. Kipindi kizima kingeweza kuishia kwenye swali hilo moja na kisipotee bure. Mwanafunzi anayelielewa hatasema tena “sheria inasema” kana kwamba sheria ilishuka na mvua. Cha ajabu, wanaomtetea konokono kwa nguvu zote ndio wanaolipita swali hili haraka kuliko wengine.

Hoja yao ya pili naiheshimu zaidi: konokono ni baridi. Hakuna aliyekufa Paisley, wala hakuna mwanafunzi aliyefiwa na ndugu pale. Kesi inaweza kupasuliwa vipandevipande bila mtu kutoka darasani akifuta machozi. Lipeleke darasani lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, likalipuka wakati watu wakichota petroli, zaidi ya 100 wakafariki. Darasa zima litakuwa na msimamo kabla hujamaliza kusoma swali. Nusu watasema waliojipeleka wenyewe hawana cha kudai. Nusu watasema umaskini haujaridhia hatari yoyote. Na kuna siku, katika semina moja, binti wa nyuma kabisa alinyamaza saa nzima, na mwisho nikaambiwa kwao ni Morogoro. Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba mfano wa nyumbani ni bora kwa sababu tu ni wa nyumbani.

Hata hivyo, bado naona Msamvu inafundisha kitu ambacho Paisley haiwezi. Moyo wa uzembe ni swali la kilichotarajiwa: je, mtu mwangalifu wa kawaida angeona kwamba kitendo chake kinaweza kumdhuru mwingine? Waingereza walimfanya mtu huyo kuwa abiria wa basi la Clapham, kitongoji cha London. Abiria yule hajui kwamba lori la mafuta likilala chali kando ya barabara kuu, ndani ya dakika chache watu watakuja na ndoo na madumu. Abiria wa daladala la Mbagala anajua. Dereva anajua, mwenye lori anajua, askari wa barabarani anajua. Basi, je, wajibu wa mwenye mafuta unaishia kwenye kuzuia lori lisipinduke, au unafika hadi kwenye kuwazuia watu wasilisogelee? Na kanuni ya kuridhia hatari, ambayo vitabu vinasema inahitaji mtu aijue hatari yenyewe na aikubali kwa hiari, inamgusaje mtoto aliyetumwa na dumu? Maswali haya hayajibiwi kwa kunukuu. Yanataka mtu anayeijua nchi, na mwanafunzi wa miaka 19 anaijua. Tunapoanza na Paisley tunamwambia bila kutamka kwamba ujuzi huo auache mlangoni.

Kuna pia suala la jirani. Katika hukumu ya konokono, Lord Atkin aliegemea swali la mwanasheria katika Injili ya Luka, “Na jirani yangu ni nani?”, akalipatia jibu la kisheria: ni mtu ambaye kitendo changu kinamgusa kwa karibu kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Kwa Kiingereza neno hilo ni la kawaida tu. Kwa Kiswahili lina uzito mwingine. Jirani ndiye anayeomba chumvi, anayebisha hodi usiku mtoto akizidiwa, anayetangulia msibani kabla ya ndugu. Matokeo yake utayaona kwenye karatasi za majaribio: mwanafunzi anaandika kwamba mpita njia aliyemwona mtu akizama na asimsaidie anapaswa kulipa fidia, kwa sababu “ni jirani yake”. Ki-Luka yuko sahihi. Kisheria amekosa, kwa kuwa kanuni ya Atkin ni ya kutomdhuru mwenzako, na kwa kawaida haikulazimishi kumwokoa usiyehusika naye. Mwalimu mvivu atachora msalaba mwekundu aendelee. Mwalimu mzuri atakaa hapo, aulize kwa nini sheria iliukopa mfano wa Msamaria kisha ikawaachilia kuhani na Mlawi, waliompita majeruhi bila kumsaidia, wajipitie zao.

Hapo tunafika kwenye lugha, na hapo ndipo mjadala huwa moto. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapokihitaji. Februari mwaka huo Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Vyuoni mitihani imebaki ya Kiingereza. Wanaotetea hali hiyo husema istilahi hazijatulia, na wana ushahidi. Jina la somo lenyewe ni tatizo. “Madhara” ni matokeo, ilhali somo linahusu kosa. Mama lishe akifungua banda kando ya mwenzake, akauza wali maharage kwa bei ya chini na kumnyang'anya wateja wote, madhara yapo, kosa halipo. Waingereza waliliamua hilo mwaka 1410 katika shauri la shule mbili za Gloucester. Kinyume chake, mtu akizuiwa kupiga kura na mgombea wake akashinda vilevile, kosa lipo hata kama hakupoteza kitu. Waliliamua hilo nalo mwaka 1703. Jina la Kiswahili linamdanganya mwanafunzi pande zote mbili.

Sawa. Lakini mimi nalisoma hilo kama hoja ya kufundisha kwa Kiswahili. Mgongano wa jina na maana ndio mlango bora wa kuingilia somo ninaoujua. Mwanafunzi aliyebishana nusu saa kama somo liitwe “madhara” au “makosa ya madai” ameshaelewa tofauti ya *damnum* (hasara) na *injuria* (kosa la kisheria) kabla hajaona neno la Kilatini. Yule aliyepewa Kilatini kwanza huimba *damnum sine injuria* kama kiitikio na kukosea akipewa mfano wa banda.

Tena, sheria hii haingoji kutafsiriwa ili iongee Kiswahili. Mwananchi wa kawaida anajua fidia ya ugoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume au mke haki ya kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Uingereza ilikuwa imefuta dai la namna hiyo kwa sheria yake ya mwaka 1970. Yaani wakati wao wanalizika, sisi tulikuwa tunaliandika, na tukawapa haki hiyo wa jinsia zote mbili. Vyuoni dai hili mara nyingi husukumiwa kwenye sheria ya familia, na mwanafunzi anamaliza somo la madhara bila kujua kwamba dai la madhara linalojulikana zaidi mtaani halikuguswa kabisa. Waislamu wana dia, na makabila kadhaa yana fidia zao za ng'ombe kwa damu iliyomwagika. Sisemi tuzisifu zote. Fidia ya ugoni kwa mfano ina maswali yake mazito kuhusu nani anamiliki nani. Nasema zifundishwe, zibishaniwe.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita ni fedha. Somo linatumia wiki kumi kuuliza nani ana kosa, kisha fidia inabanwa wiki ya mwisho wakati watu wanawaza UE, mtihani wa mwisho. Ilhali mahakamani shauri la uzembe hufia huko mara nyingi. Tangu zamani, na Mahakama ya Rufani ililisisitiza mwaka 1992, fidia maalumu lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kwa kina. Kwa lugha ya mtaani: risiti. Ya teksi, ya dawa, ya plasta ya mguu. Mteja aliyelipa bajaji bila risiti amekwisha kupoteza sehemu ya haki yake kabla hajamwona wakili. Na muda wa kudai kwa madhara ni miaka mitatu; wa mkataba ni sita. Ningeweza kutoa mihadhara miwili mizima juu ya hayo mambo mawili, na kwa mwenye mguu uliovunjika Mwenge ingekuwa na faida kuliko maisha yote ya David Stevenson.

Oktoba 2022 yalipotoka matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania, wanakoandaliwa mawakili, ambako kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakashindwa, kila kambi ilichota humo maji yake. Wa kesi za kale wakasema wanafunzi hawasomi hukumu. Wa mifano ya nyumbani wakasema wanafunzi wanakariri hukumu wasizozielewa. Takwimu hizo hazithibitishi lolote kati ya hayo mawili, lakini hebu jiulize: mtu hawezi kuwa hasomi na bado anakariri? Anaweza, kama anachokariri ni desa. Aya nne za muhtasari wa konokono zimepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi ambao hawajawahi kufungua hukumu yenyewe wala kujua kwamba Lord Buckmaster aliipinga, akiogopa kwamba mlango ukishafunguliwa hautafungika.

Kwa hiyo sina ugomvi na konokono, ila ningemwondoa wiki ya kwanza. Wiki hiyo ningeleta bodaboda wa Mwenge, bila kesi, kwa Kiswahili, watu wabishane hadi wafike wenyewe kwenye wajibu, ukiukaji, usababisho na hasara, kwa maneno yoyote waliyonayo. Msamvu ningeiweka mbali kidogo, baada ya kuwajua wanaokaa darasani. Konokono angekuja wiki ya tatu, hukumu nzima, pamoja na waliopinga, na pamoja na jambo ambalo madesa mengi hayana: haikuwahi kuthibitishwa kwamba konokono alikuwemo. Malodi waliamua tu kwamba kama madai ni ya kweli, dai lipo. Stevenson alifariki kabla ya ushahidi kusikilizwa, na shauri likamalizwa kwa makubaliano.

Wenzangu wananiuliza darasa la wanafunzi 300 na mwalimu mmoja litabishanaje. Jibu zuri kwa hilo sina. Semina za watu 20 zinataka walimu wasaidizi, na walimu wasaidizi wanataka mishahara.