Kadi nyekundu ya Warburton: Rolland alikosea wapi hasa?

Kila likija Kombe la Dunia la raga lazima ile ya 2011 ifufuliwe, kwamba refa Alain Rolland aliinyima Wales fainali pale Eden Park, Auckland, alipomtoa nahodha Sam Warburton dakika ya 18. Ufaransa 9, Wales 8. Wanaosema hivyo sio wajinga na tuwape haki yao: ni nusu fainali, nahodha ana miaka 23 na wala hajulikani kwa rafu, Vincent Clerc wa Ufaransa aliyeangushwa alinyanyuka akaendelea na mechi, halafu timu inabaki na watu 14 kwa zaidi ya saa nzima. Kocha Warren Gatland alilalamika sana. Ukiwa shabiki umekaa unaangalia unasema njano ingetosha bana.

Sawa, lakini rudia ile video. Warburton anamnyanyua Clerc, miguu inapita juu ya kichwa, halafu anamwachia. Watu wanajitetea eti hakumkandamiza, alimwachia tu, kumbe hapo ndo wanammaliza mtu wao, maana waraka wa wasimamizi wa raga duniani wa 2009 ulishasema ukimnyanyua mtu ukamwachia bila kujali atafikaje chini, hiyo nayo ni nyekundu. Rolland hakutunga kitu. Yale ya kwamba baba yake ni Mfaransa tuwaachie wa kijiweni. Na Warburton mwenyewe baadaye alikubali kadi ilikuwa halali, sasa anayebisha anamtetea nani?

Mimi kinachoniuma kwenye hii stori ni pointi 11 ambazo Wales walizipoteza na hakuna anayetaka kuzitaja. James Hook alikosa penalti mbili, hizo 6. Mike Phillips akafunga trai (kuutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, pointi 5) kipindi cha pili, ikawa 9-8, Stephen Jones akapiga konvashoni, lile teke la nyongeza baada ya trai, ikagonga mlingoti, 2 zimeenda. Zimebaki kama dakika tano Leigh Halfpenny akapiga penalti ya mbali, mpira ukapita chini ya mwamba kidogo tu, 3 tena. Jumla 11, na wamefungwa kwa pointi MOJA. Tena Ufaransa hawakufunga trai hata moja, zote 9 ni penalti za Morgan Parra. Ndio, utasema watu 14 huchoka na mpigaji aliyechoka hukosa, naikubali hiyo nusu nusu, ila mpira uliotulia chini mbele ya mpigaji hauhesabu wachezaji. Lawama ikaenda kwa refa na kijana wa miaka 23 kwa sababu ndo rahisi.

Na ile sheria inalinda nini? Shingo. Warburton alikuwa flanka, kazi ya kuingiza kichwa kwenye rundo kuiba mpira mechi baada ya mechi, na alistaafu Julai 2018 akiwa na miaka 29 tu baada ya operesheni za shingo na goti. Wanaosema raga imekuwa laini waangalie huo mwili kwanza.

Kadi haikummaliza pia. Miezi mitano baadaye Wales walibeba Grand Slam, yaani kushinda mechi zote za Six Nations, michuano ya mataifa sita ya Ulaya, naye akiwa nahodha, mechi ya mwisho wakiifunga Ufaransa hiyohiyo 16-9 Cardiff, na aliongoza Lions, timu ya pamoja ya England, Scotland, Wales na Ireland, mara mbili, 2013 na 2017.

Hiyo 2017 ndo naipenda. Wellington, mechi ya pili ya Lions dhidi ya New Zealand, Sonny Bill Williams wa New Zealand akala nyekundu dakika ya 25 kwa kumgonga Anthony Watson kichwani, na nahodha wa Lions siku hiyo ni Warburton. Sikusikia shabiki wa Wales akisema mechi imeharibiwa. Tena wakiwa 15 dhidi ya 14 Lions walikuwa nyuma 18-9 kipindi cha pili, wakaja kushinda 24-21 kwa penalti ya Owen Farrell dakika za mwisho. Yeye aliipiga ikaingia.