Nani Amekutuma Unisemee?

Msimu wa bajeti ya kaunti ukifika, wananchi huitwa kutoa maoni, na kumbi za Mombasa hujaa watu waliokuja kutusemea. Mmoja husimama kwa niaba ya vijana wa Likoni, mwengine kwa niaba ya kina mama wa Kisauni, wa tatu kwa niaba ya wavuvi. Karani huandika, watu hutia sahihi karatasi ya mahudhurio, mambo yakawa yamekwisha. Mimi wasemaji hawa nina swali nao: ni nani aliyewatuma?

Sisi watu wa Pwani kazi hii ya kutumwa twaijua vizuri. Mshenga hajitumi. Wazee hukaa naye wakamweleza atakalokwenda kusema, na akifika kwa kina binti husema hilo hilo. Akiulizwa jambo ambalo hakuagizwa, hujibu kwamba hilo hakutumwa, atarudi akaulize. Na kurudi hurudi kweli, hata kama jibu alilopewa ni la kukataliwa. Siku ya nikaha nayo, walii wa bibi harusi akimpa sheikh uwakala wa kuozesha, hayo hufanywa mbele ya mashahidi, na bibi harusi mwenyewe huendewa ndani akaulizwa idhini yake. Uangalifu wote huo ni kwa ndoa ya watu wawili tu. Bajeti ya kaunti yenye wadi 30 twamwachia yeyote aliyewahi kipaza sauti!

Najua nitaambiwa kwamba tuna wawakilishi wadi, na tuliwachagua wenyewe mwaka 2022. Ni kweli. Lakini Katiba hiyo hiyo iliyotupa wawakilishi hao, Kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Waliotunga sheria walijua kura moja haiwi idhini ya kila neno kwa miaka mitano.

Nisieleweke kwamba kusemeana ni kubaya. Kuna watu wasingepata haki kabisa bila ya mwenzao kusimama, na Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, au kwa maslahi ya kundi zima. Mfano mkubwa tunao hapa hapa Mombasa. Kijiji cha Owino Uhuru kilitiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, na mwanawe mwenyewe alipimwa akakutwa na risasi katika damu. Hakuwa mgeni aliyepita njia akawahurumia; uchungu ule ulikuwa wake pia. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Miaka yote hiyo mama huyu hakuwatupa watu wa kijiji kile. Msemaji wa namna hiyo namkubali kwa moyo wote.

Kwa hivyo nataka kikao kijacho kiende hivi. Kila atakayesema kwa niaba ya kundi aeleze kwanza walikutana wapi, wangapi walikubaliana, na waliopinga walisema nini. Hao waliopinga ndio husahaulika kabisa, na mara nyengine ndio wenye hoja. Kisha ataje siku atakayowapelekea majibu, na karani aiandike. Asiye na hayo aseme kwa nafsi yake, ni haki yake na tutamsikiza.

Na kaunti isiwangoje watu ukumbini. Mama anayeuza mboga Kongowea hawezi kuiacha meza yake asubuhi. Afuatwe sokoni, aulizwe pale pale, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema.