"Alifika Amechelewa"

Kaa na wakunga wa Arusha siku mzazi amefariki. Maelezo ya kwanza utakayosikia ni hayo: alifika amechelewa. Si uongo. Longido hadi mjini ni kama kilomita 80, na kabla ya safari kuna mashauriano: mume yuko minadani, mama mkwe anasema tusubiri kupambazuke, nauli haijapatikana. Lakini mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama ulianza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022; ukipiga 115, bure, unatafutiwa gari. Vifo vya wazazi navyo vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Waliobaki hatutawaokoa kwa magari peke yake.

Wengine hufia ndani, leba. Muuaji mkubwa ni damu inayotoka baada ya kujifungua, kisha kifafa cha mimba. Damu ikishika kasi, mama anaweza kuondoka ndani ya saa mbili. Sasa tazama inavyopimwa: mkunga anafunua kanga, anaangalia ilivyolowa, anakisia. "Kama 300 hivi." Faili linaandikwa mililita 300. Hatari huanza 500, na jicho lina tabia ya kupunja. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na tiba zikatolewa zote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini ya kukaza mji wa mimba, traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, kukagua michubuko. Wazazi waliopoteza lita nzima na zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au waliofariki walipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki, jamani!

Wakunga nao wana la kusema, na wanastahili kusikilizwa. Usiku mmoja, mkunga mmoja, wazazi watano. Huyu anavuja, yule anasukuma. Oksitosini inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto inaisha nguvu, sindano inachomwa na damu haikatiki. Kumbebesha mtu wa zamu lawama zote hizo ni uonevu.

Ndiyo maana kikao cha kupitia kifo kikigeuka mahakama, kila mtu hukimbilia sentensi ile ile ya mwanzo. Mimi ningeanza na nyakati mbili za saa ya ukutani: alipokelewa saa ngapi, na dawa ya kwanza iliingia mwilini saa ngapi.