Manod haikuwa maficho dhidi ya mabomu tu
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema National Gallery, jumba la sanaa la London, ilipeleka picha zake kwenye machimbo ya Manod, Wales, mwaka 1941 ili kuzikinga na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, vita vikaisha zikarudi. Ni kweli, ila ameacha lililo kubwa zaidi. Ndani ya mlima vilijengwa vibanda vya matofali, hewa ikapashwa moto hadi joto likatulia kwenye nyuzi 17 na unyevu asilimia 42, usiku na mchana, mwaka mzima. Picha nyingi za kale za Italia zimechorwa juu ya mbao: ubao ukinyonya unyevu huvimba, ukikauka husinyaa, lakini rangi na tabaka jeupe lililo chini yake haviwezi kufuata mwendo huo, hivyo hubanduka magamba. Huko mgodini kazi ya kuyagandisha magamba ilikaribia kwisha. Picha ziliporudi London mwaka 1945 kwenye kumbi zisizodhibitiwa hewa, magamba yakaanza tena kubanduka. Hapo ndipo hoja ya kufunga mitambo ya kurekebisha hewa ilipopata ushahidi. Wenzangu, katika makumbusho mnayoyajua, wanapima unyevu pia, au joto pekee?