Mota za Magari ya Umeme: Tunavyofungua Nyumbani na Wanavyopima Ugenini

Nilipohama nilikuwa tayari fundi wa kusuka mota, tena niliyejiamini. Nilikuwa nimefungua mota nyingi za pampu na za mashine, nikahesabu mizunguko ya waya, nikapima unene wake, nikang'oa nyaya zilizoungua na kusuka nyingine mahali pake. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza mota za magari ya umeme katika nchi hii ya ugeni, nilidhani kwamba kazi yangu itakuwa kujifunza majina mapya ya vitu ninavyovijua. Stata, sehemu isiyozunguka yenye nyaya, ilikuwa ile ile yenye fezi tatu, na rota, inayozunguka ndani yake, ilikuwa rota. Nilichokikosa kilikuwa namna ya kuuliza swali kabla ya kushika spana.

Gari la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa likitoa onyo la kuvuja kwa umeme kila lilipoendeshwa kwa muda mrefu, na onyo hilo lilitoweka lilipopoa. Kwa mazoea ya nyumbani ningeishusha mota siku ile ile. Mwalimu wangu alinizuia. Alinitaka kwanza nikate umeme wa betri, nisubiri kapasita za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa fezi tatu, zimalize chaji zilizohifadhi, kisha nithibitishe kwa mita kwamba hakuna volti, na mita yenyewe niijaribu kwenye umeme unaojulikana kabla na baada ya kipimo, kwa kuwa mita iliyokufa nayo husoma sifuri. Betri za magari haya hubeba takriban volti 400, na mengine 800. Testa ya bisibisi tuliyoizoea haina nafasi hapo, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu najua ni wangapi kati yetu wanaoitegemea.

Baada ya hapo tulitenganisha kipande kimoja kimoja: nyaya za rangi ya chungwa, kompresa ya kipoza hewa, inveta, na mwisho mota. Kila kimoja kilipimwa kwa mega, kifaa kinachopima kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye bodi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100, inayohusu usalama wa magari ya umeme, inataka ukinzani usiopungua omu 500 kwa kila volti katika upande wa umeme wa fezi tatu, yaani omu 200,000 kwa mfumo wa volti 400, ingawa mota yenye afya husoma juu zaidi ya hapo kwa mbali. Ile yetu ilipopata joto ilishuka chini ya kiwango hicho. Maji ya kupozea yalikuwa yakipenya kwenye sili ya shafti na kulowesha nyaya za stata. Asubuhi nzima ilikwisha bila boliti moja ya mota kulegezwa, na tayari tulijua ugonjwa na chanzo chake.

Hapo ndipo nilipowavulia kofia wenyeji. Lakini uamuzi uliofuata ulinihuzunisha: mota nzima, pamoja na giaboksi yake, iliagizwa mpya, na ile ya zamani ikaondolewa kama chuma chakavu. Nilieleweshwa kuwa saa za fundi ni ghali, kwamba dhamana haikubali mota iliyofunguliwa, na kwamba watengenezaji wengi hawauzi sili au beringi peke yake. Hoja hizo ni za kweli, ila haziniridhishi. Wenzangu wengi wa darasani, ambao husoma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta kwa wepesi unaonishangaza, hawajawahi kuona ndani ya mota wanayoihukumu. Stata ile ingeweza kusafishwa, kukaushwa katika tanuri, kupimwa tena, na pengine kupakwa vanishi upya.

Sisemi kwamba kila kitu kinafufuka. Stata nyingi za sasa zimefumwa kwa vipande bapa vya shaba vilivyokunjwa na kuchomelewa ncha zake, na mkono uliozoea waya wa duara hauwezi kuvisuka upya kwa urahisi. Hata ujuzi wetu wa beringi unahitaji kunyooshwa. Nyumbani beringi ikigoma tunaipasha moto kwa gesi, ilhali rota nyingi za magari haya zina sumaku za neodimi, ambazo zikipita kiwango chake cha joto hupoteza nguvu na haziirudishi zikipoa. Rota hiyo hiyo haivutwi kwa mikono, kwa maana sumaku huikamata stata ghafla na kuponda vidole. Hutolewa kwa kifaa kinachoishikilia katikati.

Beringi ndiyo iliyonibadilisha zaidi. Nilizoea kubadilisha beringi inayolia na kumrudishia mteja mali yake. Huku nilionyeshwa njia ya gololi ndani ya beringi yenye mistari inayofuatana kama meno ya chanuo, iliyochorwa na cheche, kwa sababu inveta hukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa na kuzalisha volti kwenye shafti, nazo hutafuta njia kupitia grisi. Ukiweka beringi mpya bila kuipa shafti njia ya kwenda ardhini, au bila kutumia beringi yenye gololi za kauri, umemwekea mteja tatizo lile lile. Nilikumbuka mota nilizozifungua mara mbili na mara tatu, zilizokuwa zikiendeshwa kwa inveta, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Ningetamani mafunzo ya nyumbani yaanze na mega na mita ya miliomu, inayopima ukinzani mdogo sana wa nyaya, si na nyundo na patasi, na ningetamani sheria za huku ziwalazimishe watengenezaji kuuza sili, beringi na kitambuzi cha nafasi ya rota kimoja kimoja. Ninaandika vipimo vya kila mota ninayoigusa katika daftari, kabla na baada ya kazi, na nakala humtumia mdogo wangu wa kazi niliyemwacha na zana zangu. Juzi aliniandikia kuhusu mota ya pikipiki ya umeme iliyokuwa ikishtuka wakati wa kuondoka. Fezi zote tatu, aliniambia, zinasoma sawa, na mega haioni uvujaji. Kwa hiyo anashuku kitambuzi kimoja kati ya vitatu vinavyosoma nafasi ya sumaku, naye anataka kujua avipime vipi. Mota ilikuwa bado haijafunguliwa.