Walimu wa kanisa Machame mbona hawatajwi?
Mwandishi wa makala kuhusu historia ya kanisa la Machame, huko Kilimanjaro, anataka tuamini kwamba Ulutheri wa Machame ulibebwa na wamisionari wa Leipzig, shirika la misheni la Kijerumani, mfululizo tangu 1893. Hapo sikubaliani naye. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na hao wa Leipzig hawakuanza kurudi mpaka katikati ya muongo ule. Wamarekani wa Augustana, sinodi ya Kilutheri ya huko Marekani, walikuja kusaidia, sawa, lakini kwa uchache wao wangefika mitaa mingapi? Ibada za Jumapili, mafundisho ya kipaimara, mazishi, shule za vijijini, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa walimu Wachaga ambao wala hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Daftari lake, lililoliwa na mchwa pembeni, lina majina ya wanafunzi wa ubatizo, na kando ameandika nani katoa sadaka ya ndizi na nani ya mayai (wengine kawawekea alama ya kuuliza!). Wachungaji wazawa walikuja kubarikiwa miaka ya 1930. Wasomaji wa Marangu, Mwika na Old Moshi, kwenu madaftari ya namna hii bado yapo?